Uliwahi Kuvuta? Mwongozo kwa Anayesubiri Upekuzi

Swali huja kwa maandishi au kwa mdomo: uliwahi kutumia dawa za kulevya? Linaweza kumkuta kijana anayeomba kazi ya polisi, au aliyetoka JKT Msange akitafuta nafasi jeshini. Linaweza kumkuta pia mhitimu wa Chuo cha Utumishi wa Umma hapa Tabora, ambacho wazee bado wanakiita Chuo cha Uhazili, anapotarajiwa kuwa katibu mahsusi wa kiongozi au mtunza kumbukumbu katika masjala ya siri. Mwongozo huu ni wa mkazi wa Isevya, na wa mitaa mingine inayofanana nayo, ambaye jibu lake la kweli ni ndiyo: alivuta bangi akiwa sekondari, alikula mirungi safarini, au alifika mbali zaidi, kwenye unga, kisha akaacha. Ninachodai ni kwamba matumizi yaliyokwisha yana uzito wake na hayafutiki kwa kuyanyamazia, lakini uzito unaoweza kukufuata miaka ishirini ndani ya kazi ni wa uongo utakaoujenga juu yake. Kabla ya kuwaza namna ya kujibu, basi, jifunze kutambua ni swali gani hasa unaulizwa, ulijibu kama lilivyo, na uwe na ujasiri wa kuacha mlango ambao ukweli wako hauingii.

Tuanze na upekuzi wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayolinda nyaraka na maeneo nyeti ya serikali, na sheria ya mwaka 1996 iliyoiweka Idara ya Usalama wa Taifa katika misingi ya kisheria. Mtumishi anayepelekwa kwenye nafasi ya kushika siri za serikali huchunguzwa kwanza. Vigezo vya uchunguzi huo havibandikwi ubaoni, na anayekuahidi kwamba anavijua kimoja kimoja, au kwamba ana mtu wa kukupitisha, anataka fedha yako. Hata hivyo mantiki yake inaeleweka, kwa sababu ni ileile duniani kote. Mpekuzi anataka kujua kama unasema kweli, kama unajizuia, kama unatii sheria hata pale usipoonwa, na kama yupo mtu anayeweza kukulazimisha. Hili la mwisho wengi hawalifikirii. Siri unayoificha ni kamba iliyofungwa mguuni mwako, na ncha yake anaishika yeyote anayeijua: aliyekuuzia, mliyevuta pamoja, mpenzi wa zamani mliyeachana kwa ugomvi. Siku utakapokuwa na funguo za kabati la mafaili, mtu huyo anaweza kuja na ombi dogo. Jambo ambalo mwajiri wako tayari analijua halimpi mtu huyo nguvu yoyote.

Sasa soma tangazo la kazi, tena ulisome polepole, kwa sababu masharti hayafanani. Matangazo ya Jeshi la Wananchi ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe na tabia na mwenendo mzuri, na awe hajapatikana na hatia ya makosa ya jinai mahakamani na kufungwa. Matangazo ya Jeshi la Polisi yamekwenda mbali zaidi: asiwe na kumbukumbu za uhalifu, asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na awe hajawahi kutumia dawa za kulevya. Tazama tofauti ilivyo kubwa. Sharti la kwanza linahusu hukumu ya mahakama, na aliyevuta bila kufikishwa mahakamani hajalivunja, ingawa neno mwenendo linabaki likimsubiri kwenye usaili. Sharti la pili halina ukomo wa muda wala wa umri. Msokoto mmoja wa kidato cha pili unaingia ndani yake. Na ukikuta tangazo au fomu inayouliza kama unatumia sasa, hilo ni swali la tatu, ambalo aliyeacha anaweza kulijibu hapana kwa moyo mweupe. Makosa mengi hufanyika hapa. Mtu anajibu swali la maisha yote kana kwamba ni la sasa hivi, au anajieleza kwa kurasa mbili pale alipoulizwa tu kama amewahi kufungwa. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitegemee tangazo alilosoma kaka yako. Chukua la mwaka huu, kutoka kwenye tovuti ya chombo chenyewe au Sekretarieti ya Ajira, si picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Baada ya tangazo, ijue sheria, kwa sababu wapo wanaodhani hawajawahi kutumia dawa za kulevya kumbe wametumia. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995 na kuzaa Mamlaka ya kupambana na dawa hizo, inaihesabu mirungi pamoja na bangi. Kenya ni kinyume kabisa. Miraa, yaani mirungi hiyohiyo, ni zao halali la biashara huko, na tangu 2016 imo katika orodha ya mazao yanayosimamiwa na sheria ya kilimo. Dereva wa lori aliyekula gomba akiwa Meru alikuwa anafanya jambo halali pale alipokuwa. Akila hilohilo Nzega anavunja sheria. Ukiulizwa, eleza mahali na wakati, maana mahali panabadili uzito wa jambo. Kwa upande wa pili, yapo mambo ambayo watu huyahesabu kuwa si kitu mbele ya mahakama kumbe ni kitu. Aliyekiri kosa mbele ya hakimu na kulipa faini akarudi nyumbani siku hiyohiyo huwa na kawaida ya kusema hakufungwa, na ni kweli hakufungwa, lakini kumbukumbu ya kutiwa hatiani inaweza kuwepo, na alama zake za vidole huenda zimo kwenye kumbukumbu za polisi. Aliyekamatwa kwenye msako wa usiku, akalala kituoni na kuachiwa bila mashtaka, hajapatikana na hatia. Lakini fomu ikiuliza kama amewahi kukamatwa, jibu lake ni ndiyo. Kama ulifikishwa mahakamani, nenda kaombe nakala ya hukumu kabla hujaomba kazi, ujue kilichoandikwa humo badala ya kutegemea unachokumbuka. Na kama ulikuwa mtoto wakati huo, mpe mwanasheria nakala hiyo aisome, kwa maana mashauri ya watoto yana mahakama yake na taratibu zake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Wapo watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo, kwamba bangi ni ya zamani huku Unyamwezi, na kwamba babu zetu waliivuta wakafanya kazi zao. Historia hiyo ipo. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita njia ya misafara, kutoka pwani hadi Ujiji, waliandika juu ya uvutaji wa bangi katika nchi hii, na rugaruga, askari wa zama za Mtemi Mirambo, walisifika kwa kuivuta kabla ya mapigano. Lakini hoja hii haikusaidii mbele ya mpekuzi, kwa sababu yeye hapimi desturi. Anapima kama mtu aliyekatazwa jambo na sheria ya leo anaweza kulikaa mbali. Ukijitetea kwa rugaruga utakuwa umemwambia, bila kukusudia, kwamba sheria usiyoipenda unaona haikuhusu. Kwa mtu anayeomba kushika bunduki au muhuri wa serikali, hakuna jibu baya kuliko hilo.

Nimesema uongo una uzito zaidi kuliko tendo. Ushahidi mkubwa tulionao hapa nchini hautokani na bangi. Unatokana na vyeti. Aprili 2017, serikali ilitangaza kwamba uhakiki umebaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na Rais Magufuli akaagiza waondolewe. Miongoni mwao walikuwapo watu waliokwisha kufanya kazi miaka mingi, wenye uzoefu na familia zinazowategemea, wakiondoka bila mafao. Hadi mwaka 2022, chini ya Rais Samia, ndipo serikali ilipoamua warejeshewe michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Katika tukio lile hakuna aliyeuliza kama muuguzi fulani alijua kuchoma sindano. Kilichohukumiwa ni udanganyifu uliomwingiza kazini. Na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yamekuwa yakimwonya mwombaji waziwazi kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Kumdanganya mtumishi wa umma kwa taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo aliyevuta miaka kumi iliyopita na kuandika hapana leo, amelichukua jambo lililokuwa linazeeka akalitengenezea kosa jipya lenye tarehe ya mwaka huu na saini yake chini.

Utasema cheti kina namba na Baraza la Mitihani lina kumbukumbu, ilhali moshi haukuacha karatasi. Hoja hii ina nguvu na nisingependa kuipita juujuu. Ni kweli kwamba matumizi mengi ya ujanani hayamo katika faili lolote. Lakini upekuzi haufanywi kwa mafaili peke yake. Unakuja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, una wadhamini uliowataja wewe mwenyewe, na mchunguzi anaweza kumuuliza mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wako wa nidhamu, jirani mwenye kibanda, hata ambaye hukumtaja. Isevya ni kata ya mjini, ila si mji wa watu wasiojuana. Anayekaa kijiweni kila jioni kwa miaka mitatu anafahamika, na anayemfahamu hana sababu ya kumlindia siri ambayo hakuombwa kuitunza. Ongeza simu. Picha uliyopiga ukicheka na msokoto mkononi haipo kwako peke yako. Ipo kwa kila uliyemtumia. Unaweza usigundulike, sikatai. Lakini utaishi miaka yote ya utumishi ukitegemea ukimya wa watu usioweza kuwasimamia, na idadi yao huongezeka kadiri cheo chako kinavyopanda, maana cheo huleta wenye wivu.

Haki inadai pia niseme upande wa pili wa maneno ya watu. Uvumi si ushahidi, na wapo wanaochafuliwa bila kosa. Februari 2017, majina ya watu kadhaa, wakiwamo wasanii, yalisomwa hadharani Dar es Salaam katika kampeni dhidi ya dawa za kulevya, wakatakiwa kuripoti polisi. Kutajwa jina si kutiwa hatiani. Kama jina lako liliwahi kuingia kwenye mdomo wa mtaa bila ukweli, usijibu kwa hasira wala usikubali jambo usilolifanya ili uonekane mnyenyekevu. Sema halikuwa kweli, taja watu wanaoweza kueleza ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini miaka ile, ishia hapo.

Tutazame nchi zilizochapisha vigezo vyao, kwa sababu zinatuonyesha fikra ya upekuzi ikiwa wazi mezani. Marekani, ambako vijana kadhaa wa Afrika Mashariki wameingia jeshini, wengine kupitia mpango wa mwaka 2008 hadi 2016 uliotafuta wageni wenye lugha kama Kiswahili, ina fomu ndefu inayouliza matumizi ya dawa katika miaka 7 iliyopita. Mwongozo wake wa maamuzi ulioanza kutumika Juni 2017 unamtaka afisa aangalie maisha yote ya mtu: alitumia lini, mara ngapi, katika mazingira gani, ameacha kweli, ameachana na wenzake wa matumizi. Desemba 2021, mkuu wa ujasusi wa nchi hiyo alizikumbusha idara kwamba bangi ya zamani peke yake isiamue hatima ya mwombaji. Shirika la FBI, lililokuwa likitaka mwombaji awe amekaa miaka 3 bila bangi, mwaka huohuo lilipunguza hadi mwaka 1, huku likibakiza miaka 10 kwa dawa nyingine kali. Lakini anayetumia sasa hapati kibali kwa sheria, hata kama jimbo lake limeruhusu bangi, na kuficha kunahesabiwa kuwa doa linalojitegemea. Mtu anaweza kusamehewa bangi akaanguka kwa kusema hakuivuta. Ndugu yetu aliye huko asiye raia achukue tahadhari moja zaidi: kukiri matumizi kunaweza kugusa ukaazi wake, kwa hiyo aone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kabla ya afisa yeyote wa uandikishaji.

Hapa najua pingamizi linalowaka kifuani mwa msomaji. Huko Marekani mkweli ana nafasi, lakini hapa tangazo linasema awe hajawahi, na mkweli anatupwa nje papo hapo huku mwongo akivaa kombati. Ni kweli, na sitalainisha. Sharti la hajawahi lina kasoro kubwa. Halina kipimo cha maabara kinachoweza kulithibitisha. Hakuna mkojo unaoeleza alichofanya mtu miaka 8 iliyopita. Kwa hiyo linaegemea kauli ya mwombaji mwenyewe, na linapoegemea hapo linamchuja aliyesema kweli na kumpitisha aliyeficha, yaani linapunguza ndani ya jeshi sifa ileile ambayo upekuzi unaitafuta. Naamini kwa dhati kwamba sharti hili lingefaa kuandikwa upya kwa kipimo cha miaka: asiwe ametumia kwa muda fulani uliopita, na asiwe ametiwa hatiani. Tungepata polisi wakweli zaidi, na tungemwacha kijana aliyekosea akiwa na miaka 15 akue. Wabunge wetu na wakuu wa vyombo hivi wanapaswa kuulizwa jambo hili. Lakini wewe huombi kazi katika sheria itakayoandikwa kesho. Leo, kama tangazo linasema hajawahi na wewe umewahi, ushauri wangu ni kutoomba nafasi ile. Inauma, hasa pale ajira zenyewe ni za kuhesabu. Ila nguvu hiyo ipeleke kwenye tangazo ambalo sharti lake unalitimiza bila kusema uongo: ualimu, afya, reli, halmashauri, ukutubi, hata jeshi lingine ambalo sharti lake ni la hatia ya mahakama.

Pingamizi la pili ni zito kwa namna nyingine: kutumia dawa za kulevya ni kosa la jinai, je, niandike kwa mkono wangu kwamba nilitenda kosa? Ndiyo maana nimesisitiza swali. Usijitolee maungamo ambayo hukuombwa. Fomu isipouliza matumizi, usiyaandike pembeni kwa sababu dhamiri imekusukuma. Dhamiri ina mahali pake na fomu ina pake. Unapoulizwa waziwazi, una njia mbili halali: kujibu kweli, au kuacha ombi. Njia ya tatu, ya kudanganya, haimo. Na kama matumizi yalikuwa mazito, au yalihusu kuuza hata kete moja, au kuna shauri ambalo hujui liliishaje, zungumza na wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kuweka kalamu kwenye karatasi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na asiye na fedha anaweza kupata msaada huo. Ulizia katika ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa wapo wapi. Kuuza na kusafirisha ni ngazi nyingine kabisa ya sheria, na mwongozo wa gazeti hautoshi.

Ukiamua kujibu, andika kwa ufupi na kwa tarehe. Jibu zuri laweza kuwa hivi: Nilivuta bangi kati ya mwaka 2015 na 2016 nikiwa kidato cha tatu na cha nne, takriban mara moja kwa wiki, pamoja na wanafunzi wenzangu, niliacha Desemba 2016 na sijatumia tena, sikuwahi kununua kwa ajili ya kuuza, sikuwahi kukamatwa. Hakuna ndani yake shetani aliyekupitia, hakuna marafiki wabaya waliokushika mkono, hakuna chozi. Maneno ya kupunguza ndiyo yanayoharibu. Anayeandika kwamba alijaribu mara moja tu, kisha mdhamini wake akasema walikuwa wakivuta muhula mzima, ameharibu hata yale ya kweli aliyoyasema. Kama hukumbuki mwezi, andika mwaka. Kama ulirudia baada ya kuacha, sema ulirudia, na sema lini mara ya mwisho. Mpekuzi mzoefu anajua watu hurudi nyuma kabla ya kuacha moja kwa moja, na tarehe ya mwisho ndiyo anayoitafuta. Majina ya wenzako yataje ukiulizwa, si kabla.

Muda ndio shahidi wako mkubwa, na huwezi kuununua wiki ya usaili. Kama bado unatumia, usiombe sasa. Acha, kaa, jenga miaka ambayo mtu anaweza kuikagua: kazi uliyoifanya bila kukatika, masomo uliyoyamaliza, kiongozi wa dini au kocha au fundi mkuu anayeweza kusema kwa jina lake kwamba amekuona kila siku. Kuhusu vipimo, elewa namna vinavyofanya kazi. Aliyevuta bangi mara moja huweza kuonekana kwenye mkojo kwa siku chache, na mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana kwa mwezi mzima au zaidi, kwa sababu kemikali yake hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Heroini hupotea kwenye mkojo ndani ya siku mbili tatu. Unywele wa sentimita tatu au nne hubeba habari za miezi mitatu hivi. Dawa za kusafisha damu zinazouzwa mitaani achana nazo, na kunywa maji ndoo nzima kunaifanya sampuli kuwa nyepesi kiasi cha kutiliwa shaka. Ipo pia hatari ya kuonekana mtumiaji kumbe si hivyo: dawa ya kikohozi yenye kodeini na baadhi ya dawa kali za maumivu hutoa majibu yanayofanana na ya afyuni. Nenda na cheti cha daktari, taja dawa kabla hujatoa mkojo, na majibu yakitoka vibaya omba kwa heshima kipimo cha kuthibitisha cha maabara, maana kile cha mstari ni cha uchujaji wa awali tu.

Nimewaweka mwisho waliopita kwenye unga, na si kwa sababu ni wa mwisho kwa thamani. Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ikifuatiwa na nyingine Dar es Salaam na mikoani, Watanzania wengi wamerudi kazini na nyumbani. Sheria ileile ya 2015 inayoadhibu inaipa pia Mamlaka jukumu la tiba na utengamao, hivyo kwenda kutibiwa hakukufanyi kuwa mhalifu aliyejisalimisha. Taarifa zako za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Mtu wa kliniki hapaswi kumpa mwajiri habari zako kwa kuulizwa tu, ingawa masuala ya usalama wa taifa yana nafasi yake ya pekee katika sheria hiyo. Lakini ukiwa bado kwenye dozi ya kila siku, kazi ya kubeba silaha au kukaa vituo vya mbali haitakufaa kwa sasa, na anayekuambia vinginevyo anakudanganya kwa upendo. Asitokee mtu wa kukushawishi uache dozi ili upite kipimo. Arosto, kurudia unga na kuzidisha dozi mwili ukiwa umekwisha kusahau, huua watu. Hakuna ajira yenye thamani ya hatari hiyo.

Kabla hujatuma ombi, wafuate wadhamini wako mmoja mmoja, uwaambie ulichoandika. Usiwafundishe la kusema. Mdhamini anayeshtukizwa hubabaika, na kubabaika kwake kutasomwa kama kuficha. Anayejua kwamba umekwisha kusema hujibu kwa utulivu. Asiyeweza kusimama nawe baada ya kusikia ukweli, mshukuru na utafute mwingine. Wazazi nao wajue, hata kama mazungumzo hayo ni magumu kuliko usaili wenyewe, kwa sababu mgeni mwenye maswali anaweza kubisha hodi kwao wewe ukiwa mbali. Kisha toa nakala ya kila fomu uliyojaza, iandike tarehe, uitunze pamoja na vyeti vyako. Ukipanda cheo au ukihamishiwa kitengo nyeti unaweza kupekuliwa upya, pengine miaka 12 baadaye na kwa fomu yenye maswali mengine, na afisa atakayeisoma atakuwa na lile jibu lako la kwanza mezani pake.